Meza yetu ya Jumamosi: namna tunasaidia wanafunzi kuingia kwenye masomo ya intaneti

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa mji, Bukavu. Tumeyaandika jinsi yalivyotoka, tumepunguza tu yale ya kurudiarudia.

Asante kwa kupanda hii milima mpaka hapa. Tunajua wa Kadutu wamekuja kwa miguu, na wa Panzi wamelipa moto mara mbili. Hatutawakawisha.

Kuna wale wametuuliza: "Nyinyi ni watu wa kudai maji na barabara, sasa mmegeuka walimu wa kompyuta?" Swali ni la haki, na tutalijibu kwa kuwaeleza mambo tuliyoyaona kwenye meza, si kwa hotuba.

Mnajua wote mfumo wa LMD ulienea katika vyuo vikuu vya nchi yetu tangu mwaka wa masomo 2021-2022. Katika mfumo ule, saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi peke yake zinahesabiwa ndani ya kredi za somo. Ni kitu kizuri. Lakini ile kazi ya peke yake inapita wapi? Vyuo vimeanza kuweka silabusi, TP na hata interogasio kwenye platiforme ya intaneti. Mara nyingi ni ile inaitwa Moodle. Profesa anaweka, mwanafunzi anachukua, anafanya, anarudisha. Kwa karatasi ya tangazo, jambo limeisha: "Wanafunzi wote waingie kwenye platiforme kabla ya Ijumaa." Sahihi na muhuri. Hakuna aliyeonesha mtu mlango uko wapi.

Sisi tuliweka meza Jumamosi moja, mbele ya duka la mama mmoja anayechaji simu za watu, juu yeye ana paneli ya jua. Tulifikiri watakuja wachache wanaouliza neno la siri. Wa kwanza alikuwa binti wa mwaka wa kwanza, ameshika karatasi 11 alizoandika kwa mkono. TP nzima, safi, na michoro. Alikuwa amepewa sifuri. Asistanti alimwambia: "Kazi yako haikufika." Yeye anaapa ilifika, aliipandisha usiku wa manane kwa simu ya kaka yake.

Tukafungua konti yake pamoja naye. Kazi iko pale. Picha zote 11 ziko pale. Na juu yake imeandikwa kwa Kifaransa: Brouillon. Yaani bado ni rasimu. Alikuwa amepandisha faili, akaona imeingia, akafunga simu akalala. Kumbe kulikuwa bado na kitufe kimoja cha chini, cha kusema "sasa natoa kazi yangu". Profesa akichagua ile namna, bila kile kitufe kazi inabaki kwa mwanafunzi kama barua uliyoiandika ukaiacha mfukoni.

Binti yule hakulia. Alituangalia tu, akasema: "Kwa hiyo ni kidole kimoja?" Ndiyo, dada, ni kidole kimoja. Tangu siku ile kila tunayemsaidia hatumwachi aende kabla ya kuona kwa macho yake kwamba kazi imehama kutoka rasimu hadi imetolewa. Ukitoka hapa leo na jambo moja tu, toka na hilo.

(Tuseme pia jinsi iliisha: tuliandika naye barua fupi kwa asistanti, tukaweka picha ya skrini inayoonesha tarehe na saa aliyopandisha faili. Platiforme inahifadhi ile saa. Asistanti, tumshukuru, aliikubali TP. Alisema hakujua kama kuna kazi zinazoweza kukwama pale. Naye pia hakuoneshwa.)

Sasa tuingie ndani kidogo. Mwanafunzi anayekuja mezani hana shida moja, ana shida tatu ao ine zinazoshikana mikono.

Ya kwanza ni imeli. Konti ya platiforme inaomba imeli, na wengi wetu imeli zetu zilifunguliwa na kijana wa duka siku tuliponunua simu. Aliweka namba yake ao jina la ajabu, neno la siri akalijua yeye. Sasa platiforme inatuma ujumbe wa kuthibitisha, ujumbe unaenda kwenye sanduku ambalo hatuna ufunguo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya meza si platiforme. Ni kumfungulia mtu imeli yake mwenyewe, kwa namba yake mwenyewe. Inachukua dakika 15, msiharakishe.

Ya pili ni neno la siri. Simu inapenda kuweka herufi kubwa mwanzoni bila kukuuliza. Platiforme inatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye neno la siri. Mtu anaandika sawa mara tano, simu inabadilisha mara tano, anakwenda kusema "platiforme imenikataa". Mwoneshe kile kijicho cha kuonesha neno analoandika. Ni kitu kidogo, lakini tumeona watu wazima, mababa wenye watoto waliorudi chuoni, wanafuta jasho kwa sababu ya ile herufi moja.

Ya tatu ni mega, na hapa tukae kidogo.

Wengi wetu tunanunua ile forfe ya bei ndogo ya WhatsApp na Facebook. Tunajiita tuko kwenye intaneti. Bon, hatuko. Ile forfe inafungua milango miwili tu. Ukibonyeza kiungo cha platiforme, inazunguka, inazunguka, unasema mtandao ni mbaya. Mtandao uko, wewe ndiwe hukununua ule mlango. Mwanafunzi mmoja alitumia wiki mbili akihama kutoka Nguba mpaka Nyawera akitafuta mtandao, wengine wakamshauri hata kutumia simkadi ya ng'ambo ya Ruzizi. Tatizo lilikuwa forfe. Kwa hiyo swali letu la kwanza mezani limekuwa hili: "Mega zako ni za nini?"

Na hapa lazima tuungame. Wiki ya pili tulitengeneza video ya kuonesha hatua zote, tukaiweka kwenye makundi ya WhatsApp. Video nzuri, muziki chini, nembo juu. Tulijipongeza. Kumbe ilikuwa nzito kuliko forfe ya siku ya wale tuliotaka kuwasaidia. Walioiangalia ni wale wenye Wi-Fi nyumbani, ambao hawakuihitaji. Mama wa mwanafunzi mmoja alituambia uso kwa uso: "Watoto wangu, mumekula mega za mtoto wangu na hamukumufundisha kitu." Alikuwa na haki. Tuliifuta. Siku hizi tunatumia picha sita za skrini zenye maandishi makubwa, na kwa asiye na WhatsApp tunachapisha karatasi moja mbele na nyuma.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Moodle ina programu yake ya simu. Ukiiweka, unaweza kushusha silabusi na masomo yote pale penye mtandao, alafu ukasoma nyumbani bila mega hata moja. Hata TP unaweza kuandika ukiwa nje ya mtandao, ikapanda siku simu itakapokutana na koneksio. Lakini angalia: kama hukufungua programu tena ukiwa na mtandao, haipandi yenyewe usiku kwa muujiza. Na interogasio ni jambo lingine, hiyo inategemea kama profesa ameruhusu ifanyike nje ya mtandao. Kama hajaruhusu, haiwezekani, usijidanganye.

Tumefanya hivi: Jumamosi tunaleta simu moja yenye mega za kutosha, tunagawa koneksio kwa watu watano watano, kila mmoja anashusha masomo yake. Mtu anakwenda nyumbani na wiki nzima ya masomo mfukoni. Umeme ukikatika, mega zikiisha, anasoma. Hii ndiyo imekuwa kazi yetu kubwa, kuliko hata kufungua konti.

Sasa jambo la saa. Hili tulilipata kwa bahati mbaya, na limetufanya tucheke na kukasirika pamoja. Wanafunzi wa promosio moja waliambiwa interogasio inafunguka saa mbili ya asubuhi. Wakaenda siberi mapema, wakalipa saa nzima kila mtu. Saa mbili: imefungwa. Saa mbili na nusu: imefungwa. Wengine wakasema imeahirishwa, wakarudi nyumbani. Saa tatu kamili ikafunguka. Kwa nini? Nchi yetu ina saa mbili tofauti, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Platiforme ilikuwa imewekwa kwa saa ya Kinshasa, na aliyeandika tangazo alisoma saa ile bila kufikiri kwamba Bukavu jua limeshatangulia. Hakuna mtu aliyefanya ubaya, lakini wale waliorudi nyumbani walikosa. Dawa: kila mwanafunzi aingie kwenye profili yake aangalie saa ya mahali imewekwa wapi, aweke ya Lubumbashi, ndiyo saa yetu. Na CP aulize profesa kwa sauti mbele ya wote: "Ni saa ya huku ao ya huko?"

Basi, tuseme pesa.

Jumamosi ya tatu, kijana mmoja alitupita akatuuliza bei gani. Tukasema bure. Akashangaa: "Kule kwenye mlango wa chuo wanafungua konti kwa franka 5000." Tukaenda kuangalia. Ni kweli, kuna vijana wenye kompyuta chini ya mwavuli, wanafungua konti, wanaandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi. Mwanafunzi akilipoteza, analipa tena. Na mmoja wao alikuwa akisema anatumwa na ofisi ya chuo.

Hatukuenda kupigana nao. Wengine ni marafiki zetu, walimaliza masomo, hawana kazi, wanatafuta chakula. Mtu akikaa na kompyuta yake na mega zake siku nzima, kuomba kitu kidogo kwa jasho lake haiko dhambi. Dhambi ni kusema ni malipo ya lazima, na kusema inatoka ofisini. Moodle ni programu ya bure tangu ilipotoka mwaka 2002. Mtu wa Australia anayeitwa Martin Dougiamas ndiye aliyeianzisha, na yeyote anaweza kuitumia bila kununua leseni. Chuo kina gharama zake za seva na mafundi, hiyo tunakubali, na mwanafunzi ameshalipa pesa za masomo. Konti yake haina bei ya mlangoni. Tulibandika karatasi moja tu: KONTI NI BURE. UKIOMBWA PESA, OMBA RISITI. Wiki iliyofuata bei ilishuka, na wawili kati ya wale vijana wako hapa leo, wamekaa pale nyuma. Karibuni sana. Wanajua ile platiforme kutushinda.

Kuna upande mwingine wa hili ambao hatutausema kwa sauti ya chini. Madada wametueleza kwamba kuna wanaume wanaojitolea "kuwasaidia" kuingia, alafu wanaomba namba, alafu wanaomba kukutana jioni. Na mtu aliyekufungulia konti anajua neno lako la siri, anaona pointi zako, anaweza kufuta kazi yako. Kwa hiyo mezani kwetu kuna kanuni: neno la siri linaandikwa na mwenyewe, kwa kidole chake, sisi tukiangalia pembeni. Na kila Jumamosi lazima wawepo madada wawili wa kusaidia. Kama hawapo, meza haifunguki.

Hiyo kanuni hatukuzaliwa nayo. Mwanzoni tulikuwa na daftari. Watu wanasahau maneno ya siri, tukasema tuwaandikie yote mahali pamoja, jina na neno, wakipoteza watatukuta. Tulifikiri ni huruma. Mwezi mmoja baadaye kijana mmoja akakuta TP yake imetolewa kwa jina la mtu mwingine, neno kwa neno. Mtu alikuwa ameingia kwenye konti yake, akachukua. Hatujui kama ilitoka kwenye daftari letu. Inawezekana, na hiyo inatosha. Tulimwita yule kijana, tukamwomba radhi, tukaenda pamoja naye kwa asistanti kueleza kosa ni letu. Daftari tulilichoma mbele ya wote, na siku ile tulikaa mpaka magharibi tukibadilisha maneno ya siri ya kila aliyekuwa ndani. Wengine hawakurudi tena kwetu. Tunawaelewa.

Kwa nini tunayasema haya kwenye mkutano wa wazi? Sababu sisi ndio tunaosimama barabarani kuwaomba viongozi watoe hesabu. Na hesabu yetu ndiyo hii.

Sasa turudi kwa lile swali la kwanza, la maji na barabara. Mwanafunzi mwenye kurudia mwaka kwa sababu ya kitufe kimoja, mzazi wake analipa mwaka mwingine. Huyo mzazi anauza ndizi ao samaki sokoni Kadutu. Hiyo ni pesa ya nyumba nzima. Si mambo ya kompyuta. Na mnakumbuka ile RAM, pesa zilizokuwa zinakatwa kwenye simu zetu tangu 2020? Watu walisema ni jambo dogo, ni yunite kidogo tu. Vijana walikataa, wananchi walikataa, na mwaka 2022 ikaondolewa. Na mnakumbuka mwisho wa 2018, uchaguzi ulipopita, intaneti ilikatwa nchi nzima karibu majuma matatu. Leo TP ziko ndani ya ile intaneti. Siku itakapokatwa tena, nani atapewa sifuri?

Kwa hiyo tumeandika barua kwa wakubwa wa vyuo vya mji, na tunawasomea tu yale makubwa. Hatuombi platiforme ifungwe. Tunaipenda. Mwanafunzi anayepata silabusi bure kwa simu halazimiki kuinunua kwa asistanti ili awe na pointi, na mnajua wenyewe tumeteseka kiasi gani na hiyo biashara.

Tunaomba kila kazi iwe na tarehe mbili. Platiforme inakubali hivyo: tarehe ya kutoa, na tarehe ya kufunga kabisa. Katikati yake kazi inapokelewa, inaandikwa tu kwamba imechelewa, na profesa ndiye anaamua. Profesa anaweza pia kumwongezea mwanafunzi mmoja siku zake bila kuwafungulia wengine. Hiyo si neema ya kuombwa kwa magoti, ni kitufe kiko pale tayari. Katika mji ambao umeme unakuja usiku saa nane na kuondoka saa kumi, kufunga TP saa sita ya usiku bila dakika moja ya huruma ni kuwapa pointi wenye jenereta.

Tunaomba faili ziwe nyepesi. Silabusi iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa inakula mega za wiki, ile ile ikiandikwa ni kama WhatsApp tatu. Tunaomba nakala ya kila somo iwekwe kwenye flashi kwa CP, kwa wasio na simu ya maana. Na tunaomba vyuo vikae pamoja viongee na makampuni ya simu ili tovuti za masomo zifunguke bila kula mega. Afrika Kusini walifanya hivyo mwaka 2020 wakati wa korona. Chuo kimoja peke yake hakitasikilizwa. Vyote vya mji vikienda pamoja, na wanafunzi nyuma yao, tutaona.

Majibu mpaka leo: chuo kimoja kimetuita tuongee. Vingine bado. Tumeweka tarehe ya kurudi kuuliza, na tutarudi na karatasi zetu, kwa upole, wengi.

Jumamosi hii meza ziko tatu: Nyawera, Kadutu karibu na soko, na Panzi. Tunaanza saa tatu, saa yetu ya huku. Anayekuja kusaidia alete shaja na uvumilivu. Usishike simu ya mtu. Mwambie bonyeza hapa, ngojea, soma unachokiona, na kama ni Kifaransa kigumu mueleze kwa Kiswahili ao Mashi, usimcheke. Watakuja mababa na mamama waliorudi chuoni wakiwa na miaka 40, hao tunawapa kiti kwanza. Ukikutana na jambo usilolijua, sema "sijui, ngoja niulize". Tumeona wanaojifanya kujua wakifuta kazi ya mtu.

Wanaotaka kuandikisha majina, dada aliye karibu na mlango ana karatasi. Jina na kartie tu, hakuna neno la siri. Wa Bagira mbaki kidogo tukimaliza, bado hatujapata mahali penye umeme pa kuweka meza yenu.